Mafundo ya Evelio

Moto wa kwanza kuwashwa kijijini Cedral Alto kila asubuhi ulikuwa wa Evelio. Mkewe alifanya kazi ya kufua mashuka ya hospitali mjini, akirudi mara mbili tu kwa mwezi, hivyo jiko lilikuwa mikononi mwa Evelio siku zote zilizobaki. Binti yao Nayibe, mwenye miaka kumi na moja, alijua kumekucha akisikia harufu ya jani la bijao likibabuliwa. Jani hilo ni pana kama la mgomba, na lisipopitishwa motoni hupasuka likikunjwa. Evelio alilipitisha juu ya moto taratibu, akiligeuza upande huu na ule, kama mtu anayepiga pasi shati la harusi.

Juu ya jani aliweka wali, maharage, yai, vipande vya ndizi mbivu vilivyokaangwa na arepa moja, chapati nene ya mahindi. Kisha alikunja jani pembe nne na kulifunga kwa kamba nyembamba ya katani. Fundo lake lilikuwa la wachukuzi wa mizigo. Evelio alishusha magunia ya kahawa kutoka mashamba ya juu, ambako gari halifiki, akitumia nyumbu wawili. Mnyama akiteleza kwenye ukingo wa bonde, mzigo lazima ufunguke upesi, la sivyo unamvuta hadi chini. Wachukuzi wengine walikuwa wameshahamia kwenye mikanda ya mpira. Fundo lile likabaki la Evelio peke yake.

"Usilikate," alimwambia Nayibe kila siku, kana kwamba hajawahi kumwambia. "Vuta ncha hii tu, linafumuka lote. Ukimaliza, jani na kamba weka kwenye shimo la mbolea la shule. Vyote vinarudi udongoni."

"Najua, baba."

"Najua unajua. Haya, nenda."

Jiko la shule lilikuwa limefungwa tangu upepo ulipoezua paa lake, kwa hiyo kila mtoto alikuja na chakula chake. Siku ya kwanza Nayibe alikaa na rafiki yake Sirley, mwenye mkebe wa plastiki wa rangi ya waridi. Ndani ya mkebe mlikuwa na krispi za pakiti, biskuti za pakiti na juisi ya boksi yenye mrija wake. Nayibe alitoa furushi lake la jani. Kabla hajagusa kamba, Sirley alishaziba pua.

"Mama yangu! Hicho ni chakula au mzigo wa nyumbu?"

Mvulana mmoja wa nyuma akalia kama nyumbu. Darasa zima likaangua kicheko, na kabla mapumziko hayajaisha watoto kumi walikuwa wanalia kama nyumbu. Nayibe alisikia masikio yakimwaka moto. Alilirudisha furushi mkobani. Kengele ilipogongwa alizunguka nyuma ya darasa, kwenye korongo lenye mianzi, akalitupa chini bila kulifungua.

Baada ya hapo ikawa mazoea. Furushi lilikwenda korongoni, na Nayibe alikula nusu ya krispi za Sirley kwa malipo ya kumfanyia hesabu zake. Pakiti zikiisha nazo zilirushwa korongoni, kwani kila mtu alizirusha huko.

Jioni baba yake aliporudi, kabla hata hajavua viatu vya mpira, aliuliza swali lilelile.

"Leo kilikuwaje?"

"Kitamu, baba."

"Ndizi hazikuungua?"

"Hata kidogo. Sirley aliomba aonje."

Maneno hayo ya mwisho yalimtoka tu. Evelio alitabasamu hadi pengo la jino lake la pembeni likaonekana. Kuanzia kesho yake furushi likawa na mayai mawili, moja la Nayibe na moja la rafiki yake. Nyumba ile ilikuwa na kuku watatu, na mmoja wao alikuwa mzee, akitaga pale tu anapojisikia. Asubuhi moja Nayibe alimwona baba yake akinywa uji mtupu mezani, bila yai. Alitaka kusema. Alifungua mdomo kabisa.

"Vipi?" baba akauliza.

"Hakuna kitu, baba."

Siku ile alilitupa furushi akiwa amefumba macho. Alijichukia, lakini mkono ulitupa.

Juma la tatu kichwa kilianza kumuuma kila siku ifikapo saa tano. Mwalimu Omaira alimkuta mara mbili amelalia dawati. Nyumbani alikula chakula cha jioni kama aliyetoka kufunga, na baba yake, badala ya kushuku, alifurahi. "Unarefuka wewe," alisema. "Nitaongeza wali."

Kisha mabomba ya kijiji yakaanza kutoa maji kidogo, yenye harufu. Bwana Heriberto, mwenyekiti wa kamati ya maji ambayo Evelio naye alikuwa mjumbe wake, alipita nyumba hadi nyumba akitangaza msaragambo. Jumamosi kila familia ilete mtu na panga, waende kusafisha korongo la nyuma ya shule, kwa sababu kijito chake ndicho kinachojaza tangi.

Nayibe hakulala vizuri Ijumaa. Alijipa moyo kwamba majani huoza, na wali huliwa na mbwa. Jumamosi walipofika korongoni alikodoa macho kila mahali na hakuona hata jani moja la bijao. Akashusha pumzi. Watu walishuka na magunia wakaanza kuokota pakiti za krispi, maboksi ya juisi, mirija na chupa. Pakiti nyingine zilikuwa za mwaka juzi na bado ziling'aa. Gunia la kwanza lilijaa, la pili likajaa, na Sirley, aliyekuja na mama yake, aliacha kuchekacheka alipoanza kuzitambua zake.

Bwana Heriberto ndiye aliyefika kwenye chujio, pale kijito kinapoingia bombani. Alipiga kelele.

"Njooni muone kilichoziba hapa!"

Mkononi alikuwa ameshika bonge la kamba za katani zilizosokotana na mizizi ya mianzi. Mbwa walikuwa wametafuna majani pembeni wakala chakula, na majani yenyewe yalikwisha kuoza, lakini kamba zilikuwa hazijapata muda. Na kila kamba ilikuwa na fundo lake, zima, limefungwa vilevile lilivyofungwa. Mtu mmoja alizihesabu akafika kumi na saba.

Watu wote walimgeukia Evelio.

"Hili fundo ni lako," alisema Heriberto. "Kijiji hiki hakuna mwingine anayelifunga. Si ndiyo?"

"Ni langu," alisema Evelio.

"Sasa vipi, bwana? Wewe ndiye unatusimanga kila mkutano, oh plastiki, oh mifuko. Kumbe takataka zako unazimwaga kwenye maji tunayokunywa!"

"Mzee wa majani!" mtu akadakia kutoka nyuma, na wengine wakacheka kicheko kibaya.

Evelio alichukua kamba moja, akalitazama fundo lake. Kisha akainua macho akamtazama Nayibe mara moja tu. Nayibe aliona kwamba ameelewa. Alielewa yote, mayai mawili na ndizi ambazo hazikuungua na Sirley aliyeomba aonje. Lakini hakumtaja. Alishusha macho, akasema kwa sauti ya chini, "Nitazitoa zote. Samahanini."

"Samahani haizibui bomba," alisema Heriberto. "Nasema aondolewe kwenye kamati. Nani anakubali?"

Mkono mmoja uliinuka, halafu mwingine. Nayibe alikuwa na haya ya kutamani korongo limmeze. Wenzake wa darasa walikuwa pale. Mvulana wa kulia kama nyumbu alikuwa pale, na Mwalimu Omaira, na Sirley. Kusema mbele yao kulimtisha kuliko kitu chochote alichowahi kukifanya. Lakini baba yake alikuwa amesimama katikati ya maji, kofia mkononi, kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Hilo hakuweza kulivumilia.

"Ni mimi," alisema.

Hakuna aliyemsikia. Ikabidi aseme tena, kwa nguvu, na sauti ikamkatika katikati.

"Ni mimi niliyetupa! Baba hajatupa kitu. Alinifungia chakula cha shule kila siku, mimi nikakitupa hapa. Sikukifungua hata mara moja. Nilikuwa naona haya, na nyumbani nikasema nimekula."

Mikono iliyoinuka ilishuka. Hata Heriberto hakujua atazame wapi. Nayibe alilia waziwazi, kamasi na yote, na hakujifuta.

Evelio alishika ncha ya ile kamba akaivuta, na fundo likafumuka mara moja, jinsi alivyosema siku zote. Aliitia mfukoni, akachukua ya pili, akaifungua, kisha ya tatu. Alizifungua zote kumi na saba, watu wakimtazama.

Mwalimu Omaira alisogea karibu na magunia. "Tuendelee na kazi," alisema. "Ila angalieni kitu kimoja. Mafurushi kumi na saba yametupwa hapa, na jani hata moja halipo. Mwaka ujao kamba nazo zingekuwa udongo. Haya magunia ya pakiti, wajukuu zenu wangeyakuta. Kamba tutazizungumza na Nayibe. Pakiti ni zetu sote, na Jumatatu kila mtoto ataondoka shuleni na takataka alizokuja nazo."

Hapo mama yake Sirley alikohoa akainama kuokota.

Njia nzima ya kurudi Evelio alitangulia mbele. Nyumbani alipakua chakula, akakaa, akakisogeza kando.

"Ungeniambia hulitaki jani," alisema, "ningenuna. Ningenuna siku mbili, labda tatu, maana mimi najijua. Halafu tungetafuta mkebe, au sufuria yenye kifuniko, au lolote. Lakini wewe umeniacha niamke saa kumi alfajiri kuwapikia mbwa."

"Nisamehe, baba."

"Na mayai?"

"Nisamehe."

"Kuchekwa kunauma, mwanangu. Wamenicheka sana mimi na nyumbu wangu, sitakuambia hakuumi. Lakini waliokucheka hawakukudanganya. Mimi ndiye uliyenidanganya, jioni baada ya jioni, nikifurahi mbele yako kama mjinga." Alivuta sahani yake karibu tena. "Leo umesema kweli mbele ya watu wote wale, na hakuna aliyekushika mkono. Hilo nimeliona. Lile jingine bado linaniuma. Acha liume, litapita."

Jumatatu Evelio aliamka kwa harufu. Nayibe alikuwa amechuchumaa jikoni, vidole vimeungua, jani la pili mkononi baada ya la kwanza kupasuka. Mezani palikuwa na mafurushi mawili.

"La pili la nani?"

"La kwako, baba. La mlimani."

Evelio aliligeuza. Fundo lilikuwa limekaa upande, nene kama kidole gumba. Alitaka kulirekebisha, mkono ukafika, akaurudisha. Akalitia ndani ya mfuko wa matandiko ya nyumbu na kuondoka.

Shuleni yule mvulana alilia kama nyumbu, mara moja. Nayibe aliona haya ileile na masikio yakamwaka moto uleule. Alivuta ncha ya kamba. Fundo halikufumuka, akalivuta tena kwa meno, likaachia, akala hadi punje ya mwisho huku akimtazama mvulana yule. Sirley alimtazama akitafuna.

"Ni kitamu?" aliuliza.

Nayibe alifikiri kwanza. "Hapana. Nimepika mwenyewe. Cha baba ndicho kitamu."

Kisha akatembea hadi kwenye shimo la mbolea, akatupa jani na kamba. Sirley naye alikunja pakiti yake tupu akaitia mfukoni, uso umenuna.

Jioni Nayibe alimsubiri baba yake mlangoni. Alipovua tu kofia, yeye ndiye aliyeuliza.

"Leo kilikuwaje, baba?"

Evelio alitoa kamba mfukoni, imefunguka na kunyooka, akaiweka mezani mbele yake ili aione.

"Chumvi imezidi," alisema. "Wali umeshikamana, na ndizi umeziunguza upande mmoja. Nimekula chote, maana kimetoka kwako. Lakini ukiniuliza, nitakuambia ukweli, kwa sababu mtu anayenipikia anastahili kuujua. Na wewe nikikuuliza, nipe huohuo. Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

"Kesho punguza chumvi. Sasa lete hiyo kamba nikuonyeshe fundo, maana hili lako lingeua nyumbu."