Miaka Tisini ya Jemima

Asubuhi za shule nyumbani kwa akina Tullett zilikuwa za mbiombio. Mama, Bi Lorraine, alifanya kazi ya kufua mashuka ya hospitali, na zamu yake ilianza saa moja. Alikunywa chai akiwa amesimama, akampakia Jemima siagi kwenye mkate, kisha akashuka ngazi za ghorofa tatu huku akifunga vifungo vya koti.

Alhamisi ile hakutoka upesi. Aliweka bahasha kubwa ya kaki mezani.

"Jem, posta iko jirani na shule yenu. Itume hii kwa rejista, uniletee risiti. Ni karatasi za nyumba, nimeshatia saini. Wakili anazingoja kesho."

"Karatasi za nini?"

"Za kuongeza miaka ya fleti. Tunapata tisini zaidi. Jumatatu ikipita, mkataba wetu unashuka chini ya miaka themanini na bei ya kuongeza inapaa. Hatutaiweza tena." Akambusu kwenye paji la uso, akatoka.

Tisini! Jemima alikuwa na miaka kumi na miwili. Akapiga hesabu: angetoka humo akiwa na mia moja na miwili. Aliichukia fleti ile. Ukuta wa chumba chake ulitoa ukungu kila majira ya baridi, na sheria za jengo zilikataza mbwa. Siku zote Mama alisema ipo siku watahamia nyumba yenye ua. Kumbe ameamua wazeekee humohumo!

Alipofika posta aliona foleni, akapita. Bahasha akaisukuma chini kabisa ya begi, chini ya viatu vya michezo.

"Umetuma?" Mama aliuliza jioni.

"Nimetuma."

"Risiti iko wapi?"

"Imepeperushwa na upepo."

Mji wao, Ramsgate, uko pwani, upepo wake haulali. Mama aliamini.

Ijumaa jioni wakili, Bi Sedley, alipiga simu kutoka mji wa Canterbury. Karatasi hazijafika. Mama alizunguka jikoni na simu sikioni, kutoka jiko hadi dirishani, kutoka dirishani hadi jiko. Samaki na chipsi vikapoa mezani.

"Jem, nitazame. Ulimpa mtu wa posta mkononi?"

"Ndiyo, Mama."

Jumamosi Mama alikwenda posta mwenyewe. Wakamwambia bila risiti hawawezi kufuatilia kitu. Alirudi, akapangua kabati, akalipanga, akalipangua tena. Jemima naye hakutulia. Alifungua kitabu akasoma mstari mmoja mara nne. Kila Mama alipopita karibu na begi, alilivuta karibu na miguu yake.

Jumapili alishuka na mfuko wa taka. Mlango wa jirani wa chini, Mzee Pargeter, ulikuwa wazi, naye alikuwa akitoa vitabu kwenye maboksi na kuvirudisha rafuni.

"Mbona uso umekunjamana hivyo? Umebeba taka au umebeba dunia?" mzee alimtania.

"Unahama, Mzee?"

"Nilikuwa nahama, mjukuu wangu. Binti yangu wa Norwich amenitengea chumba. Lakini mnunuzi amekimbia jana. Wa tatu huyo."

"Kwa nini?"

"Mkataba wangu ni wa zamani kuliko wenu, umebaki miaka hamsini na mmoja. Sisi hapa tumenunua miaka tu. Ikiisha, nyumba inarudi kwa mwenye jengo. Benki haitaki kumkopesha mtu anunue miaka michache. Nilikuwa na nafasi ya kuongeza zamani, nikawa nasema kesho, kesho. Sasa bei imenishinda, na mimi nimenasa hapa."

Jemima aliuweka mfuko chini. "Lakini ukiongeza miaka tisini, je, hulazimiki kuishi hapa miaka hiyo yote?"

Mzee Pargeter alicheka mpaka akakohoa. "Nani kakudanganya? Miaka ni ya nyumba, si yako wewe! Ikiwa nayo mingi, unauza ukitaka, unakwenda zako."

Jemima hakungoja amalize kukohoa. Alizipanda ngazi mbilimbili, akamwaga begi sakafuni mbele ya mama yake. Viatu vikaanguka, kisha bahasha, pembe moja ikiwa na tope.

"Sikuituma, Mama. Nilidhani tutafungwa humu maisha. Hakuna upepo uliochukua risiti."

Mama hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliiokota bahasha, akatoa karatasi, akazipitia moja moja.

"Kesho naomba ruhusa kazini," alisema mwishowe. "Tunakwenda Canterbury, na wewe ndiye utakayemweleza wakili."

Jumatatu treni ilisimama katikati ya mashamba karibu saa nzima, bila maelezo. Mama alitazama saa, akatazama dirisha. Jemima alibana mikono katikati ya magoti.

Bi Sedley alimsikiliza Jemima mpaka mwisho. Tope lilikuwa limefuta saini moja, hivyo Mama akatia nyingine. Kisha wote watatu wakatembea haraka, karibu kukimbia, hadi ofisi ya mwenye jengo. Karani alikuwa ameshavaa koti. Alinung'unika, akavua koti, akazipokea karatasi na kugonga muhuri wa tarehe ile.

"Imekubalika kwa wakati," Bi Sedley alisema, akimshika Mama bega. "Sasa vuta pumzi, dada yangu."

Kwenye benchi la stesheni Mama alifungua vifungo vya koti. Kisha akamgeukia binti yake.

"Kuichukia ile nyumba si kosa, Jem. Ungeniambia hutaki, tungebishana, ningekueleza. Wewe uliamua peke yako jambo usilolijua, kisha ukanitazama nikihangaika siku tatu. Hilo ndilo lililoniuma."

"Niliogopa kusema, Mama. Kila siku ilipopita, ilizidi kuwa vigumu."

"Ndivyo uongo ulivyo. Ukilala nao usiku mmoja, asubuhi wenyewe umeshazaa mwingine. Usilolijua liulize, na ukikosea, sema siku hiyohiyo."