Kiti Kiko Wazi

Kama umetoka kula sasa hivi, hadithi hii iache kwanza, maana ina harufu. Usije ukasema hukuambiwa.

Ilianza na kiti kuwa na joto. Jumatatu asubuhi Mahfudha aliingia chumba cha mikutano kupanga karatasi, akashika kiti cha mwenyekiti ili akisogeze, na kiti kikawa na lile joto la mtu aliyenyanyuka sasa hivi. Mtu mwenyewe hakuwepo. Chumba kilikuwa kimefungwa tangu Ijumaa na ufunguo alikuwa nao yeye, na mwenyekiti aliyekuwa akikikalia alishaacha kazi mwezi mzima nyuma. Mahfudha alinusa kiganja chake. Kilinuka samli iliyochacha. Akakipangusa kwenye sketi, halafu akajuta, kwa sababu sketi nayo ikaanza kunuka.

Hii ni ofisi ya serikali ya jimbo, ghorofa ya pili, pale Rockville, Marekani, na chumba kilikuwa cha Kamati ya Kufufua Uchumi. Jina zuri, au siyo? Ukisikia kufufua unadhani kuna mtu anainuliwa. Kazi ya kamati ilikuwa kukata. Walishakata gari la kuwapeleka wagonjwa hospitali, wakakata darasa la jioni la wageni, sasa walikuwa wamefika kwenye jiko la wazee la Riverdale Park, wanakolishwa mchana. Na jamani, walikuwa wakikata huku wanakula. Kila mkutano uliletewa mbavu za kuchoma kwenye matrei, mchuzi mwekundu unawachuruzika mpaka kwenye vifundo vya mikono, na mtu analamba kidole huku anafungua ukurasa unaosema wazee wajifunze kujibana.

Yeye alikuwa mkalimani wao, mzaliwa wa Unguja. Sheria ilitaka mikutano ifuatiliwe na wenye lugha nyingine, kwa hiyo Wamarekani wakisema Kiingereza, yeye anasema Kiswahili kwenye maiki, na mwananchi akisema Kiswahili, yeye anawarudishia Kiingereza. Kazi haikuwa mbaya. Shida ilikuwa lile jiko. Mama yake, Bi Ummu, miaka sabini na minne na sukari juu, alikuwa akila pale kila mchana. Mahfudha alitoka alfajiri na kurudi usiku, na bila jiko lile mama angekaa nyumbani peke yake, anatazama ukuta, anasahau kula mpaka sukari imwangushe. Ilishamwangusha mara moja, na jirani ndiye aliyemkuta sakafuni. Jiko likifungwa, mama hana siku nyingi. Mahfudha alilijua hilo kama anavyojua jina lake.

Mkutano wa siku ile ulipoanza, Gitau, Mkenya aliyekuwa akisimamia mitambo ya sauti, alimpungia mkono amfuate nyuma ya kioo.

"Sistee, hebu vaa hizi," alinong'ona, akampa zile za masikioni. "Maiki ya mwenyekiti. Hakuna mtu amekaa hapo, sindio?"

"Hakuna."

"Sasa nani anakula?"

Mahfudha akasikiliza. Kulikuwa na kutafuna, taratibu, mdomo wazi, mate yanavutika, kisha mfupa ukavunjwa, na mtu akafyonza uboho mpaka mwisho. Alivua zile za masikioni akatazama kupitia kioo. Wajumbe watano walikuwa wamekaa upande mmoja wa meza, wanazungumza, na mbele ya kiti kitupu kulikuwa na trei ya mifupa ambayo hakuna aliyekumbuka kuiweka pale. Mifupa ilikuwa myeupe pee, kama imechemshwa.

"Nimebadilisha waya mara tatu," Gitau alisema. "Si waya."

Jioni ile Mahfudha hajavua viatu, mama yake alikuwa amesimama mlangoni na simu mkononi.

"Mahfudha! Hii sauti yako hii?"

"Yangu, mama. Tangazo la kamati, lile la kwenye simu."

"Nimepiga nijue mkutano wa jiko letu lini, nakusikia unasema, 'Kiti cha mwenyekiti kiko wazi. Anayekitaka na asogee, akae.' Ndivyo walivyokwambia useme?"

Mahfudha akacheka kidogo, maana hakujua linapokwenda. Kiingereza kilisema tu kwamba nafasi haitajazwa kwa sasa, kwa sababu ya kubana matumizi, na wenye nia watajulishwa. Kilikuwa kikavu mno. Akakitia ukarimu kidogo wa kwao, mtu hakaribishwi kwa maneno makavu.

"Ulirekodi saa ngapi?"

"Ijumaa, watu walipotoka. Kulikuwa kimya. Magharibi magharibi hivi."

"Peke yako, chumba kitupu, magharibi, unasema kiti kiko wazi anayekitaka akae!" Bi Ummu akajishika kichwa. "Kiti ni mtu, wewe! Bibi yako alikuwa kiti miaka thelathini. Ulidhani wanamkalia akina nani, makuli?"

Ndipo Mahfudha alipokaa chini kwenye zulia. Alikumbuka. Mwele anayepandwa na jini, kwao huitwa kiti. Alilijua neno hilo tangu utotoni, lakini miaka kumi na tisa ya maofisi ilikuwa imeligeuza kuwa mbao na magurudumu.

Mama yake akashusha sauti. "Sasa amekuja, na mbao hazimtoshi. Atatafuta mtu. Akishampata atasema. Basi sikiliza vizuri, mwanangu. Akisema, usimsemee. Sema 'anasema'. Ukimsemea kwa 'mimi', umempa kinywa chako."

"Mama, sisi haturuhusiwi kusema 'anasema'. Mtu akisema 'nina njaa', na mimi nasema 'nina njaa'. Ndiyo kazi."

"Basi njaa itakuwa yako," mama yake alisema, akaenda kutafuta chetezo cha ubani.

Kesho yake Mahfudha alifukiza ubani mle chumbani kabla watu hawajaingia, akasoma alichokijua. Alifika nusu ya Ayatul Kursiyu king'ora cha moto kikalia, jengo zima likatolewa nje kwenye baridi, zimamoto wakaja, na yeye akapewa barua ya onyo. Waliporudi ndani ubani haukusikika hata kidogo. Ilinuka samli ile ile, imezidi, na sasa ilikuwa imechanganyika na kitu kama jino bovu.

Na siku hiyo hiyo jini likapata mtu. Makamu wa kamati, bwana mmoja aitwaye Wayne, mwembamba, nadhifu, alisimama akasema hakuna haja ya mwenyekiti mpya. "Tuokoe mshahara wake. Vyeo vyote viwili nitavishika mimi." Wakampigia makofi kwa kujinyima kwake. Akavuta kiti, akakaa. Mahfudha aliona bega lake likishuka kama mtu aliyetwikwa gunia.

Tangu hapo Wayne alikuwa hashibi. Alikula trei yake, akala ya jirani, akala mifupa, anaivunja kwa magego huku anaeleza nidhamu ya matumizi. Alikula karatasi iliyofungiwa mkate kwa sababu ilikuwa na mafuta. Ilikuwa Februari, theluji iko dirishani, na nzi walikuwa wakimtua mdomoni, anawalamba. Wenzake walisogeza viti vyao mbali kidogo kidogo, wakafungua madirisha, wala hakuna aliyesema kitu, maana hoja zake walizipenda. Siku moja alipopiga miayo Mahfudha aliona ulimi. Ulikuwa wa kijivu, na ulikuwa mrefu kuliko kinywa.

"Mimi naacha hii kazi," Gitau alisema kwa sauti ya chini. "Ngoja kura ipite tu."

Siku ya kura ilifika, saa nane mchana. Wazee wa Riverdale Park walikuja na basi, karibu arobaini, Wakongo, Wasomali, Wasalvador, watu wa Tanga na wa Kisumu, wamevaa makoti juu ya makoti. Bi Ummu alikaa mstari wa mbele, buibui chini ya koti la theluji, tasbihi mkononi. Akaziba pua kwa mtandio mara tu alipoingia, akamtafuta mwanawe kwa macho.

Wajumbe wawili wakapiga kura jiko lifungwe. Wawili, labda kwa kuwaona wazee wenyewe mbele yao, wakasema libaki. Ikabaki kura ya aliyekaa kwenye kiti.

Wayne alifungua kinywa na ile harufu ikatoka, ikapita juu ya meza na kushuka kwenye viti vya watu, harufu ya samli na jino na ndani ya chungu kisichooshwa tangu mwaka wa shetani, wazee wakaanza kukohoa, bibi mmoja wa Kikongo akajifunika uso kwa kitenge, taa zikafifia kidogo, na katika kile kinywa, bila midomo kuchezacheza kama midomo ya mtu anayesema, kikatoka Kiswahili, Kiswahili cha Unguja cha zamani, cha upole, cha mtu mzima aliyekuja kubisha hodi nyumba ya watu na heshima zake.

"Nimekaribishwa, nimekaa, sijalishwa. Jiko lifungwe. Sahani za wazee wote zije kwangu."

Halafu, wallahi, wajumbe wakapiga makofi. Mama mmoja wa kamati akaweka mkono kifuani. Walidhani Wayne amejifunza Kiswahili kwa siri ili awaage wazee kwa lugha yao. Kati ya waliokuwa mle, walioelewa walikuwa wale wazee wenye Kiswahili tu, na hao walikuwa wameganda.

"Imependeza sana," alisema karani wa kumbukumbu, anafuta jicho. "Mkalimani, kura yake ni ipi?"

Mahfudha alishika maiki. "Anasema..."

"Samahani. Siyo anasema. Iingie kwenye kumbukumbu kama kauli yake mwenyewe. Sema kama yeye, tafadhali, la sivyo haihesabiki."

Mstari wa mbele, Bi Ummu alikuwa akitikisa kichwa. Alitikisa tu, upande na upande, na tasbihi ilikuwa imesimama. Mahfudha alimtazama mama yake, akaona ile mikono iliyokonda, yenye alama za sindano za sukari kwenye vidole, akaiona sakafu ya nyumbani na mama amelala juu yake na hakuna jirani wa kumkuta. Kwenye kiti, yule jini alikuwa amemgeuzia macho ya Wayne, ananing'iniza ulimi, anangoja kwa adabu. Alikuwa akijua anachongoja. Na Mahfudha alijua pia, alijua vizuri kabisa, na kwa hasira zote za mbavu zile na vidole vile vilivyolambwa mbele ya wenye njaa, akavuta pumzi na uvundo wake wote, akasema kwa Kiingereza kilichonyooka:

"Mimi napiga kura jiko la wazee libaki wazi."

Nyuma ya kioo Gitau alisikia vyote viwili, cha jini na cha Mahfudha. Akazima maiki ya mwenyekiti haraka, asije akasahihisha.

Hakusahihisha. Wayne aliangusha kipaji cha uso juu ya meza, akakoroma, na walipomtikisa aliamka mtu wa kawaida, kakonda, anaomba maji, anauliza mkutano umeanza saa ngapi. Walimwambia kura yake ndiyo iliyoamua, tatu kwa mbili, na hotuba yake imewaliza watu. Akatabasamu. Hotuba ni hotuba, aliikubali. Wazee walikuwa wamesimama, wanapiga vigelegele, wanamkumbatia Mahfudha kwa zamu. Chumba kilinuka marashi na makoti mabichi tu.

"Imeenda," Gitau alisema, anacheka na macho yamemjaa maji. "Sistee, umeifukuza!"

Mahfudha alitaka kujibu. Akameza mate kwanza. Yalikuwa na ladha ya samli.

Njia nzima ya kurudi mama yake alikuwa akivuta tasbihi.

Kesho yake jikoni Riverdale Park walimwalika mkombozi wao chakula cha mchana. Wali, maharage, kuku, na machungwa yaliyokatwa. Wazee walimpigia makofi alipoingia. Alikaa karibu na mama yake, na Bi Ummu hajamaliza kusema Bismillahi, chakula cha Mahfudha kilikuwa kimekwisha. Mifupa pia ilikuwa imekwisha. Alimsikia mtu akivunja kitu kwa magego, akageuka kutazama ni nani, na sauti ikageuka naye. Mkono wake ukanyooka, ukavuta chakula cha mzee wa Kikongo aliyekaa kushoto.

"Mwacheni, mtoto ana njaa!" mzee alisema, na meza nzima ikacheka.

Bi Ummu hakucheka. Alitazama mdomo wa mwanawe, mafuta yanayoshuka kidevuni, nzi wa kwanza aliyetua pale na hakufukuzwa. Kisha akachukua chakula chake, hajakigusa, akakisogeza mbele ya Mahfudha kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mgeni mkubwa.

"Kula, babu," alinong'ona. "Kula changu kila siku, sitakunyima. Lakini mwanangu niachie."

Machozi yalikuwa yanamtoka Mahfudha yanadondokea kwenye wali. Alitaka kumwambia mama yake ale mwenyewe, sukari itamshuka, hili jiko lilikuwa lake. Alilitengeneza neno vizuri, akalisukuma mpaka mdomoni.

Kinywa kikasema, "Ongeza."