Kabureta ya Kondo na Talaka ya Swaumu

Jirani zangu, nyumba ya Kondo pale Mlandizi ilikuwa ya kutamaniwa. Asubuhi mume anakunywa uji, mke anafagia uwanja, wanataniana mpaka sisi wa ng'ambo ya ua tunacheka bila kualikwa. Kisha Kondo akanunua pikipiki kuukuu ya Kiingereza kwa mzungu wa shamba la mkonge aliyekuwa akirudi kwao.

Ilikuwa miaka ile ya shida ya mafuta, petroli ni kwa foleni na kibali. Kwa kuogopa wezi, Kondo akawa anailaza pikipiki chumbani, juu ya sakafu ya mchanga. Jioni tangi limejaa, asubuhi limepungua, na mlango umefungwa kwa komeo. Alipima kwa kijiti, akapima tena. Alichanganyikiwa, na sisi aliotuuliza tukachanganyikiwa naye. Hata jini lilitajwa.

"Mume wangu, mchanga wa chini ya pikipiki unanuka petroli," Swaumu alimwambia.

"Chumba chenye pikipiki kinuke nini, udi?"

Angeinama tu, msomaji! Lakini Kondo alikuwa ameshaanza kumtilia shaka shemeji yake Matano, ambaye naye alikuwa na pikipiki na alipenda kuja kumjulia hali dada yake; akaona Swaumu ndiye anayemchotea kaka yake mafuta usiku.

"Kaka yako anakuja kukuona wewe au tangi langu?"

"Unaniita mwizi, Kondo?"

"Nani mwingine analala humu?"

Swaumu alinyamaza kwa uchungu. Kondo akadhani amekiri. Akatuita majirani wawili tushuhudie, akamtamkia mkewe talaka tatu kwa mpigo. Nilimshika mkono asiendelee, akauchomoa. Swaumu alifunga nguo zake ndani ya khanga akaenda kwao Marui, analia, hajui kosa lake.

Kesho yake asubuhi mafuta yamepungua vilevile. Mwizi ameondoka, wizi umebaki.

"Sasa nani?" Kondo aliniuliza, akakaa chini palepale mlangoni.

Akaipeleka pikipiki kwa fundi Anselmi, Maili Moja. Fundi aliifungua kabureta, akatoa boya, kile kikopo kinachoelea na kuzuia mafuta yakishatosha, akalitikisa sikioni.

"Limetoboka, limejaa mafuta. Boya likizama, petroli haikatiki, inamwagika usiku kucha. Na koki ya kufungia tangi imekwama wazi. Hukuona mchanga umelowa?"

Fundi alilehemu boya, akasafisha sindano inayoziba njia ya mafuta, akalainisha koki. Kabureta ikaacha kuvuja.

Kondo akaendesha moja kwa moja hadi Marui, kwa baba yake Swaumu.

"Shikamoo, baba. Nilikosea. Kabureta ndiyo ilikuwa inavuja. Nimekuja kumchukua mke wangu."

"Marahaba. Imetengenezwa?"

"Imetengenezwa, baba."

"Vizuri. Lakini ulitamka tatu, na mashahidi wapo. Sheria unaijua. Mpaka aolewe na mume mwingine, naye amwache. Huna mke hapa, mwanangu."

Swaumu alitoka na kikombe cha maji. Alikuwa amejifunika kama mbele ya mwanamume mgeni. Alikiweka chini, hakumpa mkononi, akarudi ndani.

Mafunzo

Ndugu zangu, kitu kikipungua nyumbani, kikagueni chenyewe kabla ya kumtafuta mtu wa kumbebesha lawama. Mkeo akikwambia ananusa jambo, inama unuse. Na aliyechanganyikiwa asione aibu kusema sijui. Kondo angelisema neno hilo moja, Swaumu angelikuwa kwake hadi leo.