Nyumba ya Waya Moyoni mwa Mzee Kibwana

Harufu ndiyo iliyotangulia. Jenifa, mtaalamu wa picha katika hospitali moja ya Kibaha, alikunja pua. Chumba kilikuwa kimesuguliwa kwa dawa tangu asubuhi, sasa kinanuka utumbo wa mbuzi uliosahaulika juani.

Kitandani alilala Mzee Kibwana, mkulima wa Kisarawe, macho wazi, maana ganzi ilikuwa ya mkononi tu. Dokta Khalfani alikuwa ameshapenyeza kamera nyembamba kama uzi kupitia mshipa wa mkono hadi kwenye mishipa ya moyo. Kazi ya Jenifa ilikuwa kutazama kwenye skrini mshipa ulivyo kwa ndani, ili daktari ajue pa kuweka stenti, kile kibomba cha waya kinachoushikilia ubaki wazi.

Picha ikaja, ya duara. Ukuta wa mshipa, mafuta ya njano, donge la damu iliyoganda. Kisha donge likatafuna. Moyo ulikuwa ukipiga kivyake nalo likitafuna kivyake, na lilikuwa na ufizi, jamani, ufizi mweupe usio na jino hata moja, likiunyonya ule ukuta kama mtoto anavyonyonya kokwa la embe.

"Mwanangu," mzee alinong'ona, "anaonekana?"

"Nani, baba?"

"Jini wa babu yangu. Babu alikuwa akimnywesha damu ya mbuzi. Mie nimekataa, ni haramu. Kama yumo, msiweke kitu humo kwanza. Nipelekeni kwa Bi Ashura, mganga wetu, amtoe."

"Jenifa, unaona nini?" dokta aliuliza.

Mwezi uliopita Jenifa alikuwa amepiga kelele kwa kuona kipovu cha hewa, wenzake wakamcheka wiki nzima.

"Damu iliyoganda tu, dokta. Hamna kitu, baba, tulia."

Stenti ikafunguliwa. Kamera ilipopitishwa tena, lile dubwana lilikuwa limejikunyata ndani ya waya, limeshiba, limejipaka ute wa njano mwili mzima, na mwanga ulipolipitia liligeuka polepole, likainua uso kuelekea palepale alipokaa Jenifa, likaachama ufizi wote ukionekana, likacheka. Jenifa aliandika kwamba stenti imekaa vizuri.

Siku ya tisa alipigiwa simu na Hashiru, mtoto wa mzee.

"Dada," alisema kwa sauti ya chini, "baba tumemkuta analamba kidonda cha mguu wa mama. Bi Ashura anasema uje, wewe uliyetazama picha."

Huko Kisarawe, ubani ulikuwa umejaa chumbani lakini ile harufu ya utumbo ilikuwa imeushinda. Bi Ashura aliweka mkono kifuani kwa mzee.

"Toka," alisema.

Sauti iliyojibu ilikuwa ya majimaji. "Nitoke niende wapi? Nilikuwa nimejishikiza tu, ungenibandua kwa ubani. Sasa nimejengewa." Kidole cha mzee kikamwelekea Jenifa. "Huyu aliniona akanyamaza. Basi anilishe yeye, kila wiki, la sivyo nautafuna moyo wote."

Bi Ashura alimgeukia Jenifa. "Ule waya mnaweza kuutoa?"

"Hautoki, mama. Unashikana na nyama."

"Basi na yeye hatoki," alisema Bi Ashura, akafunika chetezo chake.

Sasa kila Alhamisi Jenifa hupitia machinjioni na chupa ya chai, akaijaza damu ya mbuzi, akaipeleka Kisarawe akiwa ameikumbatia, akiusikia uvuguvugu wake tumboni njia nzima. Humkuta Mzee Kibwana mkekani, ametoka kuswali. Hawasalimiani tena. Akisogeza kijiko, mzee hubana midomo kwa nguvu zake zote na kulia, na ulimi hujipenyeza nje wenyewe, ukakilamba kijiko mpaka kikang'aa.