Samaki wa Mdogo Wangu na Dawa ya Kuku

Nina miaka thelathini na nane, mke wa mtu na mama wa watatu, naishi Kamanga. Nikiwaambia nilimfuatilia mume wangu nikidhani ana mwanamke, mtacheka. Chekeni tu... Laiti ingekuwa ni mwanamke!

Tulikuwa tunafuga sato kwenye vizimba ziwani. Pembeni yetu alifuga mdogo wangu wa damu, Leticia, mjane niliyemwita mwenyewe kutoka Nansio. Vizimba vyake ndivyo vilivyolisha watoto wake. Kingine hakuwa nacho.

Kulisha samaki wetu ilikuwa kazi yangu. Ghafla mume wangu akasema nipumzike, atalisha yeye. Mwanaume asiyenyanyua hata kikombe alichonywea chai, jamani? Kila akivuka kwenda Mwanza mjini, anarudi na kifuko anakipitishia nyuma ya nyumba. Nikiuliza anafoka. Nikaanza kunusa mashati yake, hata akikohoa namtazama.

Siku moja nikajitanda khanga, nikapanda kivuko alichopanda. Akaingia duka la dawa za mifugo. Muuzaji ni binti mrembo, nikajisemea leo nimewakamata... Kumbe kauziwa dawa ya kuku tu. Nilipomtokea, akasema ni ya kuku wa mama yake. Nikapumua, nikajiona mjinga.

Wiki hiyo nikaenda kumsalimia mama mkwe. "Shikamoo mama, kuku wanaendeleaje?" Akaitikia marahaba, akashangaa. "Kuku gani, mkwe? Si walikufa wote kwa kideri?"

Kumbe alinidanganya. Nikarudi nimbane mume wangu, nikamkuta Leticia uani kwetu analia. Sato wake walikuwa wanaelea, wamejaa vidonda.

Leticia hakufanya ujanja. Alimwita afisa uvuvi, akaandikiwa dawa, akaitoa kwa kipimo na kwa siku zote alizoambiwa. Haikusaidia. Wakafa hadi wa mwisho.

Afisa akauliza jirani wanatumia nini. Mume wangu akainama. Nikasema mimi, kuhusu kuku wasiokuwepo. Ndipo akakiri. Tangu tulipojaza samaki kupita uwezo wa vizimba, walikuwa wanaugua, naye akawachanganyia ile dawa kwenye chakula, kiasi kidogo, kama mama yake alivyozoea kwa kuku. Wakichangamka anaacha, wakilegea anarudia. Waliokufa alikuwa anawatupa palepale majini.

Afisa alitueleza taratibu. Dawa nusunusu inaua vijidudu dhaifu, vile sugu vinabaki na kuzaana. Samaki wakibanana vinaenea haraka, na maji hayana ukuta.

Leticia alipofunga mizigo kurudi Nansio nilishika begi nimsindikize, akanipokonya. "Dada, ninyi mliulea ugonjwa, mkaufundisha, mkaniletea ukiwa umeshahitimu."

Wafugaji wenzangu, nawasihi, msijaze vizimba, msitupe mizoga ziwani, msiwape samaki dawa bila mtaalamu, wala msiikatishe. Na wewe mama, mumeo akianza kuficha ficha, usitafute mwanamke tu. Uliza kila kitu.

Mume wangu anasema yatapita, ni samaki tu. Simwamini... Leticia huwa nampigia simu kila Jumapili. Inaita mpaka inakata.