Namba za Chaki

Glenys Orchard hakuwa na baiskeli, hakuwa na ndugu, wala hakuwa na koti lililomtosha. Tangu majira ya baridi, hakuwa na mama pia. Alichokuwa nacho ni Jumamosi. Siku hiyo baba yake, fundi rangi, alimpeleka kazini kwake, karakana ndogo ya Coventry, Uingereza, walikotengeneza magari ya kifahari ya mbio kwa mkono, ishirini tu kwa mwaka.

Fundi bodi, aliyefua mabati ya magari kwa nyundo, alikuwa Bwana Pettifer.

"Futa vumbi upande wa nje tu," alimwambia Glenys. "Ndani nimeandika namba kwa chaki. Kila mlango nimeufua kwa gari lake, hauingii kwingine. Ukizifuta, nitakufungia kwenye buti la gari nikupeleke London!"

"Kwa gari hili? Nitashukuru!"

Lakini Glenys alitaka kusifiwa. Akafuta milango miwili ya kushoto ya magari mawili tofauti, iliyoegemezwa ukutani, nje na ndani. Kitambaa kilipojaa chaki, alikumbuka onyo. Akaandika namba upya kwa kubahatisha, akanyamaza.

Jumamosi iliyofuata mlango mmoja ulifungwa kwenye gari, ukaacha mwanya wa kupitisha kidole. Mnunuzi alikuwa papo hapo.

"Miaka arobaini, Pettifer, leo unanifulia sufuria?" meneja wa karakana alifoka. "Macho yako yamekwisha!"

Bwana Pettifer aliinama, akaitazama ile namba. Mwandiko haukuwa wake. Akamtazama Glenys, kisha baba yake Glenys.

"Huenda yamekwisha," alisema. Akavua aproni, akaondoka.

Siku tatu Glenys aliificha siri hiyo. Ya nne alimweleza baba yake, naye akampeleka kwa meneja. Milango ile miwili ilipobadilishwa nafasi, iliingia kimya kama droo ya kabati. Meneja alikwenda mwenyewe kumrudisha mzee, akakuta nyumba imefungwa. Jirani alisema amehamia Whitby, mji wa mbali wa pwani, kwa dada yake, na nyundo zake ameziuza.

"Alijua ni mimi, baba?"

"Alijua. Aliogopa nitafukuzwa." Baba alimwekea karatasi mezani. "Kosa la kitambaa lingekwisha kwa neno moja, mwanangu. Ulipolificha, mwingine akalilipia. Meneja anamwita arudi, lakini msamaha uombe wewe."

Glenys aliandika: "Bwana Pettifer, macho yako ni mazima. Namba ile niliandika mimi." Akalamba gundi ya bahasha, akaifunga. Kwenye sanduku jekundu la posta aliishikilia muda mrefu.

"Iachie," alisema baba.

Akaiachia.