Nililinganisha Sado na Fungu, Nyumba Ikaniponyoka

Wasomaji wenzangu, nina miaka arobaini na sita na cheti cha kidato cha nne chenye C ya hesabu. Pamoja na C hiyo, nilishindwa kulinganisha nyanya na nyanya... Ndiyo maana leo nawaandikia kutoka chumba cha kupanga ambacho dirisha lake linatazama nyumba yangu mwenyewe.

Chekeni tu. Mtaa mzima wa Kilakala hapa Morogoro umeshacheka, nyie mtaongeza nini?

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikisafiri, nikifika tu Mikese, hapo jirani njia ya Dar, naanza kuulizia tutarudi lini. Nyumba aliniachia marehemu mama kwa sababu mimi ndiye niliyemuuguza. Vyumba vitatu, maji ya bomba yanayoshuka mlimani, mparachichi uani, na baraza ninapoweka cherehani yangu na kushona sare za wanafunzi. Sikuwa tajiri, lakini bei ya parachichi nilikuwa siijui. Ningeijulia wapi?

Mdogo wangu Zuhura ni mtu wa Dar. Ana miaka kumi na minane akiishi Mbagala, na kila akija kututembelea alikuwa anatuonea huruma. Siku moja nikamlalamikia kwenye simu kwamba maisha ya Moro yamepanda. Akacheka, akasema huko tunaibiwa, Dar kila kitu chee. Nikamwambia anitumie bei. Akazituma moja moja... nyanya mia tano, dagaa mia tano, mafuta ya kula mia nne.

Nikachukua daftari la vipimo vya wateja, nikachora mstari katikati. Huku Moro, huku Dar. Nyanya Moro elfu tano, Dar mia tano! Mafuta Moro elfu sita, Dar mia nne! Nikahema. Kumbe miaka yote hii nimekuwa mjinga?

Hapana. Ujinga ndiyo kwanza ulikuwa unaanza.

Mimi nyanya nanunua kwa sado, ile ndoo ndogo ya rangi, ikijazwa mpaka zinamwagika. Mafuta nanunua lita nzima. Zuhura alinitajia fungu, yaani nyanya tatu juu ya meza, mojawapo imeminyika. Na mafuta yake ni ya kupima, yale yanayokauka kwenye kikaango kabla kitunguu hakijashtuka. Nilimuuliza ni kwa kipimo gani? Sikumuuliza! Mimi, mtu ninayeshinda na futi shingoni, sikuuliza kipimo!

Ndipo Zuhura akaja na wazo lake. Tubadilishane makazi kwa miaka miwili. Mimi nikapumue Dar kwenye vyumba vyake viwili, yeye aje ateseke Moro badala yangu. Alisema hivyohivyo, ateseke. Nikaguswa mpaka nikalia. Karatasi niliiandika mwenyewe mbele ya mjumbe, kwa mwandiko wangu mzuri wa shule, nikasaini kwa mbwembwe. Jirani yangu Mama Tausi, tuliyemwita awe shahidi, aliuliza swali moja tu. Kodi ya Mbagala nani atalipa? Zuhura akamjibu kwamba hayo ni ya ndugu wenyewe. Nami nikamkata jicho Mama Tausi, nikamwona mbea.

Siku ya tisa nikiwa Mbagala, mwenye nyumba akagonga mlango. Mzee mstaarabu kabisa. Akaniambia kodi imeshaisha, lakini Zuhura alimtoa wasiwasi miezi mitatu nyuma, kwamba dada yake mwenye nyumba yake Morogoro anakuja kulipa ya miezi sita.

Miezi mitatu nyuma... Yaani kabla hata hajanitumia bei ya nyanya!

Nikalipa. Nikaanza kununua maji kwa dumu, mimi niliyezoea kusahau bomba likiwa wazi. Nikanunua umeme wa kuendeshea feni, maana joto lile si la kulalia binadamu. Na sare je? Wateja wangu walibaki Kilakala, na Mbagala kila kibaraza kina fundi wake. Mwezi wa tano nikauza cherehani. Na zile nyanya za bei chee? Fungu moja mlo mmoja, limekwisha. Wiki niliyokuwa naimaliza kwa sado moja sasa naimaliza kwa mafungu kumi na manne. Pigeni hesabu nyie, mimi C yangu nimeshairudisha.

Kodi ilipoisha nikarudi Moro na begi moja. Zuhura akanipokea kwa heshima zote, shikamoo dada, akaniletea maji ya kunywa, halafu akanitolea ile karatasi. Mwandiko wangu. Mjumbe akaisoma, akasikitika, akasema saini ni yangu. Nikapanda mlimani Matombo kwa mjomba, maana kwetu Waluguru nyumba ya mama ni mjomba mwenye kauli. Naye akasema sote ni watoto wa dada yake, tusubiri muda uishe.

Sasa nimepanga kwa Mama Tausi, karibu mwaka. Huyo anayeteseka badala yangu amenenepa, ngozi inang'aa. Kila asubuhi anatoa meza getini na kupanga maparachichi ya mti wangu kwa mafungu, matatu elfu moja. Kilakala hii, ambako tulikuwa tunagawiana kwa ndoo! Jana hamu ilinishika... nikaenda kununua. Ndiyo, nilinunua. Akanipunguzia mia mbili, eti kwa kuwa ni dada yake.

Imebaki miezi saba nirudi kwangu. Lakini juzi nimemwona anapaka rangi ukuta wa mbele. Mtu wa kuhama anapaka rangi?

Nawasihi, ndugu zangu. Mtu akikusifia bei za mjini kwake, muulize anapima na nini. Usione aibu kuuliza, aibu ni hii niliyonayo mimi. Na jirani akiuliza swali mbele ya mjumbe, msimkate jicho.

Mimi jana niliingia na maparachichi yangu matatu, nikamweleza Mama Tausi kwa mara ya mia jinsi zile bei zilivyonipumbaza. Alikuwa anachambua mchele, wala hakuinua kichwa.

"Mtu anakusifia Dar huku kabeba godoro lake anakuja Moro," alisema. "Wewe ulidhani analileta kulianika?"